Kompyuta Iliyojifunza Kusema Ng'ombe

Nilipoteza macho nikiwa mwalimu wa Kiswahili kwenye shule moja ya sekondari wilayani Butiama. Hayakuondoka kwa ajali. Kwanza niliacha kuwaona wanafunzi waliokaa pembeni mwa darasa, nikadhani wamehama madawati. Kisha mistari ya ubaoni ikaanza kukatika katikati, nikawa nalaumu chaki. Nilipokwenda kwa daktari wa macho Mwanza, aliniambia ni presha ya macho, kwamba mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo umekwisha kufa, na kwamba ukifa haurudi. Kilichobaki ni mwanga na kivuli. Najua dirisha liko wapi, basi.

Mkuu wa shule alinipa likizo ya ugonjwa. Ni mtu mpole, mrefu, ambaye hutembea akigongesha funguo mfukoni, na siku naondoka alinisindikiza mwenyewe mpaka barabarani.

"Mwalimu, pumzika kwanza," aliniambia. "Likizo ikiisha uje uniambie unaweza kufanya nini, nami nitaandika wilayani. Ukiona haiwezekani, kustaafu kwa ugonjwa si aibu."

Alisema kwa nia njema. Lakini nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye nguvu zangu, na kazi niliyoipenda kuliko chochote ilikuwa kusoma insha za watoto wa watu na kuwaambia wapi wamepatia. Neno kustaafu lilinikaa kifuani njia nzima hadi Musoma.

Nilifikia kwa mdogo wangu. Anauza dagaa Mwigobero, soko la kando ya ziwa, na siku za gulio hupeleka mzigo Bunda. Tumezaliwa Mugango sisi, kwenye nyumba ya wavuvi waliokuwa pia na ng'ombe, na tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa na mdomo, mimi nikiwa na vitabu. Alinipokea bila machozi. Alinionyesha choo, ndoo na kitanda kwa kuniwekea mkono wangu juu ya kila kimoja, kisha akaenda sokoni.

Ile miezi ya mwanzo nilikaa tu. Nachambua mchele kwa vidole, nasikiliza redio, nalala. Jioni mdogo wangu akirudi ananuka ziwa, ananiuliza nimefanya nini leo, namjibu nimekaa. Siku moja alishindwa kuvumilia.

"Dada, wewe ulikuwaga unasoma mpaka mama anakunyang'anya kibatari," alisema. "Leo unakaa kama gunia. Simu yangu yenyewe inaongeaga. Nikibonyeza vibaya inanisomea kila kitu kwa Kizungu mpaka nakasirika. Sasa kama simu inaweza, kompyuta yako inashindwa nini?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba kompyuta si simu. Ilikuwa laptopu ya zamani, nzito, niliyokuwa nikiitumia kuchapa mitihani ya idara yetu. Hata nilipokuwa naona ilikuwa inajikokota, na mfumo mpya wa kuiendesha ilikuwa imeukataa. Lakini maneno ya mdogo wangu hayakutoka kichwani. Mimi nilikuwa mchapaji. Vidole vyangu vilijua kila herufi ilipo bila kuangalia. Kilichokufa ni njia ya kuingilia tu. Njia ya kutolea ilikuwa nzima.

Gulio lililofuata mdogo wangu aliporudi kutoka Bunda alikuwa na habari. Kulikuwa na fundi wa kompyuta karibu na stendi, binti wa fundi cherehani mmoja Mwislamu, amesomea chuo na kurudi kufungua kibanda ubavuni mwa cherehani ya baba yake. Mdogo wangu alikuwa amemsimulia habari zangu huku akimpimia dagaa.

"Amesemaje?" niliuliza.

"Amesema hajawahi kufanya kitu kama hicho. Halafu amesema nikulete."

Nilikwenda kwa sababu ya hiyo sentensi ya kwanza. Nilikuwa nimekutana na watu wengi waliojua kila kitu kuhusu macho yangu.

Kibanda chake kilinuka risasi ya kuchomelea na kahawa ya tangawizi, na upande wa pili wa ukuta cherehani ilikuwa inakwenda na kusimama. "Shikamoo Mwalimu," alisema, akanishika mkono akaniketisha. Sauti yake ilikuwa ya chini, isiyo na haraka. Aliniuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza: Nachapa kwa vidole vingapi? Naona mwanga wa skrini au siuoni kabisa? Nataka kompyuta inifanyie nini hasa?

"Nataka nisome insha za wanafunzi wangu," nilimwambia. "Na nitunge mtihani bila kumwambia mtu maswali."

Kisha akanieleza kwamba kuna mfumo wa kompyuta ulio huria, Linux, unaotengenezwa na watu wengi wa kujitolea duniani kote, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuufungua na kuurekebisha. Ni mwepesi, hata laptopu yangu ungeiweza. Na ndani yake kuna programu ya kusoma skrini, yaani inasema kwa sauti kila kilichoandikwa na kila unachobonyeza.

"Nimeshaupakua kwenye flashi," alisema. "Nimesoma kwamba hata kabla haujaingia kwenye mashine, ukibonyeza vitufe fulani vitatu pamoja, unaanza kuongea. Yaani asiyeona anaweza kuuweka mwenyewe. Ndivyo walivyoandika. Sijaona mtu akifanya."

Alihamisha kwanza mafaili yangu yote ya zamani, akachomeka flashi, akawasha. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu akitafuna karanga. Fundi aliuchukua mkono wangu wa kushoto akaupeleka kwenye vitufe, akasema, "Hivi vitatu, pamoja."

Nikabonyeza. Hakuna kitu. Nikabonyeza tena. Tukangoja. Nilisikia cherehani, nilisikia karanga, nilisikia pikipiki barabarani. Laptopu ilikuwa kimya kama jiwe la kufulia.

"Labda mashine ni nzee mno," nilisema. Nilikuwa tayari natafuta mkoba wangu.

"Subiri, Mwalimu." Fundi alisogea karibu, bega lake likagusa langu. "Hapa juu inaonyesha programu imewaka. Inaongea. Sisi ndio hatusikii." Akaanza kubonyeza kitufe cha sauti, tik, tik, tik.

Sauti ikalipuka kwa Kiingereza, kubwa, ya kiume, ya bati, kama mtu anayesoma tangazo akiwa ndani ya pipa. Mdogo wangu alimwaga karanga zote sakafuni. Baba wa fundi alisimamisha cherehani akauliza kwa upande wa pili wa ukuta kama kuna ugomvi. Mimi nilikuwa nimeshika kifua kwa mikono miwili. Sauti ile ilikuwa imesema tu kwamba nichague lugha. Tangu nitoke kwa daktari, hicho kilikuwa kitu cha kwanza kuniuliza mimi mwenyewe ninataka nini bila kumpitia mtu aliyenishika mkono.

Fundi akafanya jambo ambalo mpaka leo namheshimia. Alinyoosha mkono mbele yangu, akabonyeza kitu, akasema, "Nimezima mwanga wa skrini. Sasa hata mimi sioni. Weka mwenyewe, Mwalimu."

"Nikiharibu je?"

"Mafaili yako ninayo. Ukiharibu tunaanza upya."

Nikaanza. Kitufe kimoja kilinisogeza mbele, kingine kilikubali, kingine kilirudisha nyuma. Sauti ilikwenda mbio mno, ikawa inanibidi nirudie jambo moja mpaka nilishike. Lugha. Aina ya kibodi. Mji wa karibu kwa ajili ya saa. Jina langu, herufi kwa herufi, kila herufi ikitamkwa nilipoigusa. Nilipokosea, nilisikia nimekosea, nikafuta, nikasikia imefutika. Jasho lilikuwa linanitoka mgongoni. Tulifika mahali iliposema kwamba nikikubali, kila kitu kilichomo kwenye diski kitafutwa, na kidole changu kikasimama hewani.

"Imesema inafuta kila kitu," nilimwambia fundi.

"Nimesikia."

"Nikubali?"

"Mashine ni ya nani?"

Nikabonyeza.

Wakati mfumo unajipanga ndani ya mashine, fundi aliingia chumba cha nyuma kuswali adhuhuri, na mdogo wangu akaokota karanga zake. Baadaye alisema, "Dada, uso wako umerudi." Nikainamisha uso juu ya kibodi, nisije nikalia kwenye kibanda cha watu.

Hatukumaliza siku hiyo. Mashine ilipojizima na kujiwasha tena, ilirudi bubu. Fundi alirudisha mwanga wa skrini akaona imesimama pale inapodai nenosiri, haisemi neno. Nilipochapa nenosiri gizani ikaingia ndani, na huko ndani ikaanza kuongea vizuri. Kwa hiyo kasoro ilikuwa mlangoni tu. Mdogo wangu alisema hilo si tatizo, nenosiri ninalijua, nichape tu. Mimi nilikataa.

"Mwenye macho akiwasha anajua amefika wapi," nilisema. "Na mimi nijue."

Fundi hakubishana. Aliniambia nimwachie mashine mpaka gulio lijalo. Niliporudi, alikuwa ameuliza kwenye mtandao, mahali watumiaji wa mfumo huo huulizana maswali, na aliyemjibu alikuwa mtu asiyeona wa nchi nyingine, ambaye alikuwa amepita palepale. Kumbe ule ukurasa wa nenosiri una mipangilio yake peke yake, ukiwasha sauti ndani haimaanishi umewasha na nje. Alinikalisha, akanipitisha hatua kwa hatua, nikaiwasha kwa mkono wangu. Tukazima. Tukawasha. Mashine ikaniambia niandike nenosiri.

"Alhamdulillahi," alisema fundi kwa sauti ileile ya chini, na nilimsikia anatabasamu. Tabasamu husikika, watu hawajui tu.

Niliirudisha laptopu Musoma, mafaili yangu yakiwa yamerudi ndani yake, nimeipakata mapajani kama mtoto. Kuanzia hapo siku zangu zilijaa. Asubuhi mdogo wangu akienda Mwigobero mimi nakaa mezani. Nilijifunza kuipunguzia kasi ile sauti, kisha nikaizoea nikaiongezea kasi, mpaka mdogo wangu akawa anasema hasikii maneno, anasikia tu mahindi yanakaangwa. Nilifungua barua pepe zangu. Nilisoma magazeti. Nilisoma mitihani yangu ya zamani nikaona swali moja la ufahamu nililolitunga ovyo.

Lakini mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na ile sauti ilikuwa ya Kiingereza. Ilisoma Kiswahili kama mtalii anayeomba chumvi. Fundi alinielekeza kwa simu nikaenda kwenye orodha ya lugha, nikakuta Kiswahili kimo. Nikakichagua, nikafungua ukurasa wangu wa zamani, nikasikiliza.

Ilisoma. Kwa pua kidogo, bila kupanda wala kushuka, lakini kila silabi ilikaa mahali pake. "Anaongea kama ana mafua," alisema mdogo wangu, akavuta kiti akakaa kusikiliza. Ilikuwa insha ya mwanafunzi wa zamani niliyoichapa kama mfano, kuhusu kuchunga mifugo wakati wa kiangazi. Ilikwenda vizuri mpaka ilipofika kwa wale wanyama wenyewe. Hapo ikasema "ngi", ikakata pumzi, ikasema "ombe".

Mdogo wangu alicheka mpaka akakohoa. Insha yote ilikuwa ng'ombe. Kila mstari, ngi, ombe. Nilicheka naye siku hiyo, lakini kesho yake sikucheka. Huku kwetu Mara mtu atasimulia nini bila ng'ombe? Na kung'oa, na ng'ambo, na kung'ang'ania. Sauti ambayo haiwezi kusema ng'ombe haiwezi kufundisha Kiswahili mbele ya kidato cha pili. Wangeanza kucheka nao, na kipindi kingekwisha.

Nilimpigia fundi. Alikuja Musoma kufuata vifaa, akapita nyumbani, akala nasi ugali wa muhogo na sato, kisha akakaa na mashine. Aliandika ng'ombe kwenye ukurasa mtupu wa programu nyepesi ya maandishi matupu, mashine ikatamka sawasawa. Akafungua insha, ngi, ombe. Aliangalia maneno yale mawili kwa muda.

"Mwalimu, yanafanana kabisa," alisema. "Sioni tofauti."

Nikamwomba anipishe. Nililipitia neno la kwanza herufi kwa herufi, na mashine ikazitaja moja moja. N, g, kisha ikataja ile alama ya juu. Nikalipitia neno la pili. N, g, kisha ikataja alama, lakini kwa jina jingine. Nilirudia kuhakikisha.

"Si alama moja," nilimwambia. "Moja inaiita hivi, nyingine inaiita vile."

Fundi akakuza maandishi yakawa makubwa kujaza skrini. "Subhanallah. Moja imenyooka, nyingine imepinda."

Kumbe programu ya kuandikia barua na insha, kwa kutaka kupendeza, huipinda ile alama yenyewe bila kumuuliza mwandishi. Macho hayajali. Sauti ya kusoma ilikuwa imefundishwa ile iliyonyooka tu, na ikikuta iliyopinda inadhani neno limekwisha. Nilishika mashavu yangu yakiwa ya moto. Nilikuwa nimechapa Kiswahili maisha yangu yote ya kazi na sikuwahi kujua kwamba naandika alama mbili.

"Sasa tunafanyaje?" niliuliza. "Nibadilishe kila ng'ombe kwa mkono?"

"Hapana," alisema fundi. "Tunawaambia waliotengeneza."

Nilidhani anatania. Lakini ndivyo mfumo huria ulivyo: kuna mahali pa kupeleka kasoro, na mtu yeyote anaandika. Niliandika mimi, kwa Kiingereza changu cha chuoni. Nikaeleza kwamba katika Kiswahili zile herufi mbili na alama ni sauti moja, inayotoka nyuma ya kinywa na puani, kwamba waandishi huandika alama hii au ile, na kwamba zote mbili lazima zisomwe sawa. Nikaweka mifano. Nikaongeza, maana sikuweza kujizuia, kwamba ngoma ina sauti nyingine na ng'ombe nyingine, na anayechanganya hizo mbili hajafika Mara.

Jibu lilikuja kabla sijaanza kulingoja kwa wasiwasi. Aliyejibu ni mtu wa kujitolea wa mbali, sijui hata kama ni mwanamume au mwanamke. Alishukuru. Aliuliza kama kuna maneno ambayo alama hiyo inakaa mwishoni au inatumika kwa kazi nyingine, asije akatengeneza hapa akabomoa pale. Lilikuwa swali zuri, swali la mwalimu kwa mwalimu. Nilikaa nalo asubuhi nzima, nikamjibu kwa kirefu, alama ya kunukuu nayo nikaieleza. Akarekebisha. Akatuma toleo la majaribio, fundi akaliweka kwenye mashine yangu kutoka Bunda kwa njia ya mtandao, mimi nikiwa Musoma nimeshika simu sikioni.

"Fungua insha," alisema fundi.

Nikaifungua. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na beseni lake la dagaa kichwani, amekataa kwenda sokoni mpaka asikie.

Mashine ikasoma kwa ile sauti yake ya mafua: wakati wa kiangazi baba hupeleka ng'ombe ziwani.

Ng'ombe. Neno zima, limetoka puani kama linavyotoka kwa mtu aliyezaliwa nalo. Nikairudisha nyuma ikasema tena. Ng'ombe. Mdogo wangu alishusha beseni chini, akaanza kupiga vigelegele uani, majirani wakatoka kuuliza nani anaolewa. Kwenye simu fundi alikuwa anacheka, na nyuma yake nikasikia baba yake akiuliza kuna nini, naye akimjibu, "Mwalimu ameifundisha kompyuta kusema ng'ombe." Toleo la kawaida lililofuata lilikuja na hayo marekebisho ndani yake, na kwenye orodha ya waliochangia, jina langu lilikuwamo. Nililitafuta, nikalisikiliza likitamkwa. Siku hiyo nilishindwa kula kwa furaha.

Likizo ilipokaribia kwisha nilikwenda Butiama. Mkuu wa shule alinipokea ofisini, funguo zikigonga mfukoni, akaagiza chai. Nilisikia jinsi alivyokuwa amejipanga kunifariji. Kabla hajaanza nilifungua laptopu juu ya meza yake.

"Mkuu, una kitu chochote kwenye flashi? Chochote ambacho sijawahi kukiona."

Alinipa flashi yenye tangazo la kikao cha wazazi alilokuwa ameliandika asubuhi hiyo. Niliichomeka, nikalitafuta tangazo, nikalifungua, sauti ikawa inaniambia niko wapi kila hatua. Kisha nikaiacha isome tangazo lote, nikairudisha kwenye neno moja nikalikagua. Alikuwa amesimama. Nilisikia funguo zimenyamaza.

"Hapa umeandika 'walikua' pasipo w ya pili," nilisema. "Umemaanisha walikuwa, si kukua."

Mkuu akacheka kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Umeionaje hiyo? Si inasikika sawa?"

"Nimeipitia herufi kwa herufi. Neno hilo silipitiagi bila kulikagua, wanafunzi wote hulikosea."

Akavuta kiti akakaa upande wangu wa meza. Aliniuliza insha zilizoandikwa kwa mkono nitazisomaje. Swali hilo nilikuwa nimejiandaa nalo. Nilimkumbusha chumba cha kompyuta cha shule, zile mashine zilizofunikwa vitambaa kwa sababu mfumo wake ulikuwa umepitwa na wakati na hazikuwaka vizuri. Nikamwambia yuko fundi Bunda anayeweza kuziwekea mfumo huria, na mimi nitasaidia. Wanafunzi wachape insha zao. Watajifunza kuchapa, mimi nitasoma.

"Wewe utasaidia kuweka mfumo kwenye kompyuta?" aliuliza.

"Nimeweka ya kwangu."

Alizungusha kikombe mezani. "Basi ile barua ya wilayani," alisema hatimaye, "nitaiandika tofauti na nilivyokuwa nimefikiria."

Fundi alikuja na mkoba wa flashi, tukafungua madirisha ya chumba kile, vumbi likatupigisha chafya. Tuliziendea mashine kwa mstari, yeye upande huu, mimi upande ule. Mbili zilikuwa zimekufa kabisa, akazinyofoa vipuri akafufulia nyingine. Zote zilizowaka tuliziwekea na sauti, kwa sababu nilisema sijui ni mwanafunzi gani atakayekuja shuleni hapo mwaka gani, na macho ya aina gani.

Siku ya kwanza kurudi darasani kidato cha pili walisimama wote kwa pamoja, viti vikakwaruza sakafu, wakasema shikamoo Mwalimu kwa sauti ndefu. Niliwaambia wakae. Nikaunganisha spika, nikafungua insha ya binti mmoja aliyeichapa siku iliyotangulia, nikaiacha isomwe. Mwanzoni walicheka ile sauti. Niliwaacha wacheke. Kisha wakaanza kusikiliza, kwa sababu hawakuwahi kusikia insha ya mwenzao ikisomwa na msomaji asiyejua kama imeandikwa na mwerevu au mzembe. Nilipoisimamisha katikati nikauliza kwa nini sentensi ile imechoka njiani, mikono ilipanda. Najua ilipanda kwa sababu nilisikia nguo na vidole vikialika.

"Ukinyoosha mkono bila kutaja jina sitakuona," niliwaambia, na majina yakaanza kurushwa kutoka kila kona ya darasa.

Mwisho wa muhula nilitunga mtihani wangu peke yangu, mlango umefungwa, vidole juu ya kibodi, sauti ikininong'oneza kila swali masikioni kwa njia ya spika ndogo. Hakuna aliyejua kilichomo mpaka karatasi zilipogawiwa. Nilikaa mbele ya ukumbi siku hiyo nikiwa msimamizi pamoja na mwalimu mwenzangu. Nilisikia karatasi zikigeuzwa, kisha kimya, kisha mahali fulani safu ya nyuma mtoto mmoja akashusha pumzi ndefu baada ya kusoma swali la tatu. Lilikuwa gumu kweli, lile swali. Nilikuwa nimelifikiria sana.